Siku Tisa za Moyo wa Baba Mdogo

Kwa siku tisa nilijua kwamba moyo wa baba mdogo unakwenda mrama, na kwa siku tisa nilinyamaza. Nalisema mwanzoni kabisa ili asije mtu baadaye akasema nimeficha. Mimi ni muuguzi. Nimekula kiapo, nimewafokea watu wazima kwa kuchelewesha wagonjwa nyumbani, nimewaita wazembe mbele ya wakwe zao. Halafu huyu mmoja nikamwacha azunguke na hatari yake kifuani, na ugali wangu nikala vizuri tu. Anayetaka kunihukumu anihukumu, ila anisikilize kwanza.

Kliniki yetu pale Bariadi ilikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa wa moyo na presha. Wakaja watu wa mradi wakatuletea saa. Tuliziita saa kwa kuwa zilivaliwa mkononi na zilionyesha saa, lakini kazi yake hasa ilikuwa kumpima aliyezivaa: moyo unapigaje, damu ina hewa kiasi gani, amelala vipi, ametembea hatua ngapi. Mgonjwa anabaki kwake kijijini. Saa inamwaga vipimo kwenye simu ndogo iliyowekwa pale nyumbani, simu inavituma kwetu, na sisi tunavisoma kwenye kishikwambi. Mwenye vipimo vibaya anaitwa haraka. Mwenye vipimo vizuri anaachwa alime pamba yake. Kazi ya kuvisoma ilikuwa yangu.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvalishwa. Alikaa Ngulyati, kwenye mji aliouacha baba, na moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na akitoka kuchota maji alisimama mara tatu njiani kutafuta pumzi. Daktari wetu alikuwa ameshamwandikia rufaa ya hospitali kubwa Mwanza, lakini nafasi zilikuwa chache, na aliyetangulizwa ni yule ambaye vipimo vyake vilitisha kuliko vya wenzake. Kwa hiyo saa ile haikuwa pambo. Ndiyo iliyomsemea mama kwenye foleni.

Nilimfunga mwenyewe, mkono wa kushoto. Akaigeuza geuza, akauliza kama itakuwa inampelekea Mungu taarifa. Nikamwambia inaniletea mimi, na mimi si mpole kama Mungu. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa njooni kwenye kosa, na hili ni langu. Fomu ya mradi ilikuwa na mstari wa mkuu wa kaya na namba yake ya simu. Baba alishafariki, na kwetu nyumba haikai hivihivi bila mwanaume wa kuitwa, hata kama mwanamke ndiye anayelima, anayelisha na anayeamua. Nikamwandika baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye mji wake na wa mama umetenganishwa na ua wa minyaa tu. Tena ndiye aliyekuwa na sola. Basi ile simu ndogo ikakaa kwake, na kila baada ya siku mbili mama aliivua saa ikapelekwa kwake kuchajiwa. Utaratibu ulikuwa mzuri kabisa kwenye karatasi. Niliujaza kwa mwandiko wangu, nikagonga mhuri.

Baba mdogo alikuwa dalali wa ng'ombe. Mnadani alijulikana kwa kofia yake, fimbo yake, na mdomo. Mbele ya watu alipenda kuonekana ni mtu wa mambo makubwa. Hata zawadi ya harusi ya watu wengine ilikuwa ipite kwanza mikononi mwake aikague. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, na yeye maisha yake yote aliamini chanda chema ni chake.

Mwezi mmoja baada ya kuvalishwa, vipimo vya mama vikaanza kunyooka. Kwanza mapigo yakatulia. Kisha hatua zikaongezeka, kutoka mia chache mpaka elfu tano, elfu saba. Mimi nilifurahi kijinga. Nilimwonyesha kila mtu aliyeingia chumbani, hata mama wa usafi. Daktari wetu akatazama mistari ile akasema, "Sista, dawa zimemkubali mama yako." Kisha akafanya ambalo daktari yeyote angefanya: akalisogeza jina la mama nyuma kwenye orodha ya Mwanza, na nafasi yake akapewa mzee mmoja aliyekuwa hoi. Nililishuhudia hilo na nikaona ni haki.

Simu ya mama ilikuwa imeingia maji tangu masika, kwa hiyo nilikuwa nampigia baba mdogo.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Mama anaendeleaje?"

"Mhola, mayu," akasema, akiniita mama kama desturi yetu. "Mhola tu, hana neno. Yuko shambani anavuna choroko."

"Anavuna choroko? Na miguu?"

"Miguu gani tena? Amenipita mimi kwa kasi."

Nikaamini. Ngulyati si mbali na mjini, wala barabara haikuwa imekatika. Lakini wenzangu wawili walikuwa likizo, zamu zikanikalia shingoni, na kishikwambi kilikuwa kinaniambia kila asubuhi kwamba mama yangu ni mzima. Mtu akipewa habari anayoitaka hafungi safari kwenda kuihakiki. Jumapili tano zikapita sijakanyaga kwetu.

Mama alifariki Jumanne asubuhi, amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa jiko. Nilipofika wanawake walikuwa wameshamlaza. Nikafunua shuka, kazi imenizoesha kutazama, nikaona miguu. Ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Miguu ile haikuwa imetembea hatua mia kwa wiki kadhaa. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu, nikadhani waliomwosha wameivua saa wakaiweka mahali. Sikuuliza. Nilikuwa nalia kama watu wengine.

Tukazika Jumatano. Jumatatu iliyofuata nikarudi kazini, na jambo la kwanza nilitaka kulifunga faili la mama kabla mtu mwingine hajalifunga. Nikafungua kishikwambi. Mstari wake ulikuwa unaendelea.

Siku tuliyomzika, mama yangu alitembea hatua elfu kumi na moja. Saa nane mchana, wakati tunafukia kaburi, mapigo yake yalipanda ghafla yakakaa juu kwa muda wa robo saa. Nilikaa pale nimekodoa macho. Kisha nikakumbuka ni nani aliyenyang'anya watu beleshi mchana ule akafukia kwa mikono yake huku akilia kwa sauti, amevaa koti la mikono mirefu kwenye jua la kupasua kichwa. Watu walimsifu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma kwa lile koti.

Nikarudi nyuma kwenye vipimo, wiki moja baada ya nyingine. Kila siku ya mnada hatua zilipanda. Siku za mvua zilipungua. Hakukuwa na choroko wala dawa zilizomkubali mtu. Wiki zote zile nilikuwa nasoma moyo wa baba mdogo na kuushangilia, na wa mama ulikuwa unazimika nyuma ya ua bila mtu wa kuusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na chetu kilikuwa nguoni kweli, chini ya mkono wa koti.

Nilitaka kupanda bodaboda muda uleule nikamvue ile saa mbele ya wake wa watu. Lakini nilijua kitakachotokea. Ingekuwa mimi na yeye, maneno yangu na yake, na kwetu neno la binti dhidi ya mkuu wa kaya ni kelele za kuku. Angesema aliiokota. Angesema nimechanganyikiwa na msiba. Nikauma meno, nikasema hapana, huyu atanitambua siku ya kikao.

Kikao cha ukoo kilikuwa kimeshapangwa. Baba mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kiloleli kufunga msiba, na siku hiyo watu hukaa uani, wakubwa kwa wadogo, na mwenye dukuduku kuhusu marehemu hulitoa. Likishatolewa pale, mtuhumiwa lazima ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, asimame, watu wamtazame. Akikiri atalipishwa ng'ombe. Ng'ombe wake sikuwataka hata kwato. Nilitaka asimame mbele ya watu aseme: nilimvua shemeji yangu saa ya hospitali nikavaa mimi. Maneno hayo tu. Niliyalalia na kuyaamkia. Nikachapisha karatasi za vipimo, kurasa kumi na nne, nikapigia mstari mwekundu kila siku ya mnada na ile siku ya mazishi. Faili la mama sikulifunga. Kwenye mfumo mama yangu aliendelea kuwa hai kwa sababu nilimhitaji shahidi.

Zikabaki siku tisa, ndipo ile alama nyekundu ilipotokea.

Mapigo yake yalikuwa yamepoteza mpangilio. Mawili ya haraka, kimya, matatu yamefuatana, kimya tena. Mwanzoni nilidhani saa imelegea mkononi. Nikasoma tena mchana, nikasoma jioni kabla ya kufunga, ni yaleyale. Kila muuguzi wa chumba kile alijua maana yake. Moyo ukipiga hivyo, damu inatuama ndani, inaganda, na bonge lake likipanda kichwani mtu anapooza au anakufa. Dawa ya kuzuia ipo. Vidonge vyenyewe vilikuwa kwenye kabati letu, hatua nne kutoka nilipokaa.

Ilikuwa nimpigie simu. Ningesema tu, "Baba, njoo kliniki leo," na angekuja, maana alipenda kuitwa ofisini. Lakini kwetu mgonjwa hasemwi kikaoni. Hilo halina mjadala. Mtu akiugua, kesi yake inafunikwa mpaka apone, na akichelewa kupona kesi inaoza. Ningemlaza kitandani, ningemvika ulinzi kwa mikono yangu. Wangemletea uji na pole, baba mkubwa angerudi Kiloleli, na kurasa zangu kumi na nne zingekuwa za kuwashia moto. Nikajiambia siku tisa si nyingi. Watu wanaishi na moyo wa hivyo miaka. Atakiri Jumamosi, na Jumatatu nitamtibu.

Kwenye sehemu ya maelezo ya muuguzi nikaandika: kifaa kina hitilafu. Daktari alipopitia hakuuliza.

Siku ya nne alikuja mwenyewe. Hilo nimelisimulia kwa mtu mmoja tu kabla yenu, naye ni padri. Alikuja mjini kwa shughuli zake za ng'ombe, akapita kliniki na kibuyu cha maziwa mgando, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa na lile koti.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

Akanipa kibuyu kwa mikono miwili. Akasema mama mdogo, mke wake, amemtuma aniletee, nimekonda. Kisha akajigusa kifua.

"Moyo unanidunda dunda siku hizi," akasema. "Kama una haraka, halafu unasahau. Nadhani ni uchovu wa msiba, eti?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa na macho ya baba yangu, na hilo lilinichoma, kwa sababu alikuwa ananiuliza kwa imani kabisa. Nikaona ukingo wa saa chini ya mkono wa koti. Amekuja nayo kwangu! Amekaa kwenye benchi la mama, ameivaa saa ya mama, anataka nimhurumie. Nikajisikia chuki ambayo sijawahi kuijua kwa mtu, safi, haina hata aibu.

"Ni uchovu," nikamwambia. "Pumzika, baba. Kunywa maji mengi."

"Asante, mwanangu," akasema. Akaondoka. Nikanywa yale maziwa, nikaosha kibuyu, nikakiweka kabatini.

Siku tano zilizobaki nilikuwa nafungua kishikwambi kabla hata ya kuvua koti la mvua. Akiwa hai nafurahi, si kwa ajili yake. Naogopa asife kabla hajasema. Nilimhesabia hatua zake kama mchungaji anavyohesabu jike lenye mimba. Alama nyekundu zikawa nyingi, zikajaza ukurasa. Ijumaa mchana kidole changu kilikuwa tayari kwenye namba yake. Nikaiweka simu chini, nikaenda kupiga pasi gauni la kikao.

Jumamosi asubuhi ua wa mama ulijaa. Watu walikaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, chai ya maziwa na michembe ya viazi vikazunguka. Baba mkubwa alikaa mbele, na kando yake baba mdogo, mwenyeji, kofia kichwani na koti lake. Mimi nilikaa upande wa wanawake, mkoba wenye karatasi umebanwa kwapani. Sikuwa na hofu hata chembe. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa moyo.

Baba mkubwa akafungua, akampisha mwenyeji awakaribishe watu. Baba mdogo akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, mmeacha kazi zenu." Akasema, "Shemeji yangu alikuwa." Akakwama hapo. Akarudia, "alikuwa," na neno likatoka limelegea, halina mifupa. Watu wakadhani ni kilio, wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilitazama kona ya kulia ya mdomo wake ikishuka. Kikombe kikamponyoka. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajaanguka.

Nilimfikia wa kwanza. Nikamgeuza ubavu, nikafungua ukosi, nikapandisha mkono wa koti nitafute mapigo, na saa ikatoka nje mbele ya ukoo mzima. Ilikuwa inawaka taa yake ya kijani. Hakuna asiyeijua saa ile. Walikuwa wameiona kwa mama. Niliwatazama mmoja mmoja, nikiwa nimeushika ule mkono juu kidogo kuliko nilivyohitaji. Nilisubiri mtu mmoja aseme. Baba mkubwa akavua shuka lake la begani, akainama, akaufunika mkono ule taratibu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mgonjwa, mayu." Watu wote wakatazama pembeni, na kikao changu kikaishia hapo.

Alinusurika kufa. Tulimfikisha mjini mapema, na daktari akasema mbele ya watu kwamba kama si binti yenu huyu, leo mngekuwa mnachimba. Wakanishika mikono kunishukuru, baba mkubwa machozi yanamtoka. Kisha daktari akanivuta kando akauliza kama mzee aliwahi kulalamika chochote, mapigo kwenda mbio, kifua. Nikamwambia hajawahi. Uongo huu wa pili kwa daktari uliniponyoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu. Na maneno yakaondoka yote. Akili ipo, anakutambua, anacheka, analia, ukimwambia inua mkono anainua ule mzima. Lakini akifungua kinywa kinatoka kitu kama mtu anayeongea chini ya maji. Mimi ndiye niliyetaka kinywa chake kuliko kitu chochote duniani, na mimi ndiye niliyekiacha kife. Siku ile wodini nilipolielewa hilo vizuri, niliingia stoo ya mashuka nikajipiga kofi.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimwuguza. Ni mwanamke mkimya, si wa kupayuka. Siku ya tatu nilikuta ameiweka ile saa juu ya kabati la kitanda, ameifuta vizuri. Nikamwuliza bila salamu, "Mlikuwa mnajua ni ya nani?"

"Tulikuwa tunajua," akasema.

"Na akamvua."

"Hakumvua. Mama yako ndiye aliyemfunga. Nilikuwepo, tunamenya karanga. Alisema, shemeji, vaa wewe hiki kidude, una moyo mzima. Wakiona wa kwangu watanipeleka Mwanza nikafie kwenye vyumba vya watu. Akamwapisha asikwambie. Ukipiga simu, mama yako alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, anamwonyesha kwa mkono la kukujibu."

Nikamwambia ni mwongo. Nilimwambia kwa sauti, wodini, wagonjwa wanasikia. Mke anamtetea mume wake, ni kawaida, hata mbuzi anajua hilo. Na kwa nini koti siku ya mazishi, kama hana la kuficha? Na baada ya mazishi, kwa nini hakuirudisha? Mama mdogo alichukua bakuli la uji akaendelea kumlisha mume wake, anamfuta kidevu kwa kanga.

Lakini baba yangu alipelekwa Mwanza hospitali hiyohiyo, akarudi kwenye sanduku. Na mama aliapa siku ile, mbele yangu, kwamba yeye hatalala kwenye kitanda kile hata iweje. Nilisahau, au nilijifanya nimesahau nilipokuwa naisubiri ile rufaa yake. Kwa hiyo sasa sijui. Huenda kaiba kwa tamaa ya kung'aa mnadani. Huenda alimtii shemeji yake, halafu saa ikamnogea, halafu akaogopa kuirudisha. Anayejua ni mmoja, naye nilimnyamazia siku tisa.

Msinitegemee niseme nimemsamehe. Sijamsamehe, na mwenyewe sijajisamehe, na hizo chuki mbili hazipunguzani. Kila Jumapili napanda bodaboda naenda Ngulyati kumfundisha kusema. Nimeomba mazoezi kwa mtaalamu, ninayo kwenye daftari. Namkalisha kivulini mwa nyumba, nashika kidevu chake, natamka, anafuata. Midomo hivi. Ulimi hivi. Saa mbili nzima, mpaka jasho linamtoka. Watu wanaopita njiani wanasimama kutuangalia. Wanasema binti huyu ana roho nzuri, amefiwa na mama bado anamhudumia baba yake mdogo hivi. Wananiletea kuku. Mimi napokea kuku, naendelea na mazoezi, kwa sababu nataka maneno yangu.

Jumapili iliyopita alisema "maji." Lilitoka zima, kila mtu alilisikia. Mama mdogo aliacha kupepeta mtama akapiga kigelegele, na baba mdogo akalia kwa upande mmoja wa uso. Nikamfuta mate. Nikamwambia, "Vizuri, baba. Sasa sema: nilimvua."

Akatikisa kichwa.

"Ni-li-mvu-a," nikatamka polepole, nikamshika kidevu. "Midomo kama mimi."

Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu. Kutikisa huko kunaweza kuwa hapana, kunaweza kuwa hawezi, na nilimtazama machoni kutafuta ni kupi, nikaona macho ya baba yangu tu. Mama mdogo alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Akasema bila kuinua uso, sauti yake ya kawaida kabisa, "Mfundishe na lile la pili. Mfundishe: alinipa. Kisha mwache achague mwenyewe."

Nilimsikia vizuri. Hilo la pili sijamfundisha mpaka leo.